Mgombea mwenza ni rais wa akiba, tumpime hivyo

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, mjadala wa mgombea mwenza hudumu siku mbili tatu. Jina linatajwa Dodoma, ukumbi unalipuka kwa vifijo, magazeti ya kesho yake yanatoa wasifu wake nusu ukurasa, kisha anageuka kuwa sura ya pili kwenye bango. Tunarudi kubishana kuhusu mgombea mwenyewe. Mimi nasema hapo tunajipunja. Chama humtafuta mwenza kwa sifa za msaidizi: awe mtiifu, asimfunike mkubwa, asiwe na kundi lake. Katiba nayo inamtaka kwa kazi nyingine kabisa, ya kukalia kiti siku kikiwa wazi. Sifa za kazi ya kwanza tunazijadili. Za kazi ya pili hatuziulizi mpaka tunaamshwa usiku na tangazo la msiba.

Kwa vijana waliozaliwa baada ya 1995, nirudi nyuma kidogo. Zamani hatukuwa na mgombea mwenza. Rais wa Zanzibar ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake. Mzee Karume alikaa hivyo, Jumbe akakaa hivyo, Mwinyi naye kabla hajawa Rais. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 likazuka swali ambalo zamani halikuwa na maana: itakuwaje Wazanzibari wakichagua rais wa chama kingine? Atakuwa msaidizi mkuu wa mtu aliyempinga jukwaani?

Jibu likawa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, mwaka 1994, yaliyotuletea mgombea mwenza. Na angalieni yaliyotokea mwaka mmoja tu baadaye. Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa chama cha upinzani cha CUF akapewa 49.8. Tofauti ya chini ya nusu asilimia! Kama utaratibu wa zamani ungebaki, kura chache tu zingetosha kumpa Mkapa makamu kutoka CUF. Waliotunga mabadiliko yale walijua wanachokifanya.

Lakini ndugu zetu wa Visiwani wana hoja ambayo huku Bara huwa tunaipita juu juu. Kwa mtazamo wao, Rais wao aliteremshwa kutoka nafasi ya pili ya Muungano akapewa kiti ndani ya Baraza la Mawaziri. Nafasi aliyokuwa anaikalia mtu waliyempigia kura wenyewe, sasa inakaliwa na Mzanzibari aliyechujwa na vikao vya chama na kupigiwa kura na nchi nzima, ambayo wapiga kura wake wengi wako Bara. Mimi naona utaratibu mpya ulihitajika, lakini siwezi kumwambia Mzanzibari kwamba hakupoteza kitu.

Basi, tangu hapo Ibara ya 47 ndiyo inayotawala. Mwenza anapendekezwa na chama chake wakati ule ule anapopendekezwa mgombea urais, wanapigiwa kura kwa pamoja, na Rais akichaguliwa basi Makamu naye amechaguliwa. Sifa zake ni zile zile za msingi za urais: raia wa kuzaliwa, umri usiopungua miaka 40, mwanachama wa chama cha siasa, mwenye sifa za kuwa mbunge. Halafu kuna kanuni kubwa: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Kwa hiyo swali la "atoke wapi", ambalo wenzetu wa nchi nyingine wanalikeshea, sisi Katiba imeshalijibu.

Kingine watu hawakijui: Rais hana kalamu ya kumtengua Makamu. Waziri Mkuu na mawaziri wanaweza kuondoka kwa taarifa ya Ikulu ya saa mbili usiku. Makamu hawezi. Mpaka ajiuzulu, afariki, apoteze sifa, au Bunge lipitishe azimio la kumwondoa. Ukishaingia naye kwenye karatasi ya kura umeingia naye.

Sasa tuwaangalie wenyewe.

Mkapa 1995 alikwenda na Dk. Omar Ali Juma, daktari wa mifugo, Mpemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Kuchukua mtu wa Pemba wakati Pemba ndiyo ngome ya CUF haikuwa bahati mbaya. Akafariki Julai 2001 akiwa madarakani. Nafasi ikajazwa na Dk. Ali Mohamed Shein, naye wa Pemba, kwa uteuzi wa Rais na idhini ya Bunge. Shein akaendelea na Kikwete 2005, na mwaka 2010 CCM ikafanya mabadilishano ambayo mpaka leo nikiyafikiria nacheka: Dk. Gharib Bilal aliutaka urais wa Zanzibar, kura za chama zikaenda kwa Shein, halafu Bilal akachukuliwa kuwa mwenza wa Kikwete. Yaani aliyekuwa Makamu akaenda Zanzibar, aliyeitaka Zanzibar akaja kuwa Makamu. Niambieni hapo mpiga kura wa Sumbawanga alishirikishwa wapi.

2015 ndiyo yenye mafunzo mengi. Wanaokumbuka Julai ile, mkutano mkuu wa CCM ulibakiwa na majina matatu: Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dk. Asha-Rose Migiro. Magufuli akashinda kwa kura 2,104. Balozi Amina, mwanamke, Mzanzibari, aliyekuwa ameshika nafasi ya pili kwa kura za wajumbe, alikuwa pale pale ukumbini. Kama kigezo kingekuwa nani amekubalika na wajumbe kwa nafasi ya urais, jina lilikuwepo. Likatajwa jina la Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye hakuwemo kabisa kwenye kinyang'anyiro cha urais. Sisemi lilikuwa kosa. Mama alikuwa Waziri wa Muungano, mwaka mmoja nyuma alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, faili la Muungano alilijua kuliko wengi. Ninachosema ni kwamba siku ile hakuna aliyesimama kuuliza: huyu tunamkabidhi nchi ikibidi?

Ikabidi. Machi 17, 2021 usiku tukatangaziwa msiba, Machi 19 Mama akaapishwa. Kwa Ibara ya 37 hakukuwa na uchaguzi mdogo, hakukuwa na rais wa muda, alichukua kipindi chote kilichobaki, na kilikuwa zaidi ya miaka minne. Mwisho wa Machi bahasha ikapelekwa bungeni, ikafunguliwa, likatoka jina la Dk. Philip Mpango, kura za ndiyo 363, hakuna hata moja ya hapana.

Hesabuni wenyewe: tangu 1995 tumekuwa na makamu sita. Wawili kati yao, Shein na Mpango, waliingia bila picha zao kuwa kwenye karatasi ya kura. Mmoja, Mama Samia, akawa Rais. Mwingine, Dk. Omar, alifia kazini. Hii siyo nafasi ya pembeni hata kidogo. Nusu ya historia yake imeandikwa na misiba.

Na kuna tukio ambalo vijana wengi hawalijui kabisa. Mwaka 2005 uchaguzi ulipangwa Oktoba 30. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Mbowe kupitia CHADEMA, akafariki. Uchaguzi wa Muungano nchi nzima ukasogezwa hadi Desemba 14. Zanzibar wakapiga za kwao Oktoba, sisi tukasubiri. Sheria inawatazama wawili hawa kama kitu kimoja; mmoja akiondoka karatasi nzima inasimama. Kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2025 tuliliona hilo kwa sura nyingine: Tume ya Uchaguzi ilipomwengua mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, mwenza wake Fatma Fereji naye safari yake ikaishia hapo. (Ya uchaguzi ule kwa ujumla yana uzi wake, tusiyaingize humu, mods watatufungia.)

Nije kwa Kenya, maana wao wanafanya kinyume chetu.

Katiba yao ya 2010 inamtaka kila mgombea ateue mwenza, haimwambii atoke wapi. Kwa hiyo mwenza wa Kenya ni hesabu ya kura. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa vyama wa Raila Odinga, waliunda jopo la kuwahoji waliotajwa. Kalonzo Musyoka, aliyekuwa mwenza wa Raila 2013 na 2017, akasema hahojiwi, baadaye akaenda, na Mei 16 pale ukumbi wa KICC, Nairobi, jina likatoka la Martha Karua. Kalonzo akatangaza kugombea mwenyewe, baada ya wiki mbili na ushei akarudi. Upande wa pili, Ruto na watu wake walikuwa wamekesha kwake Karen, Nairobi. Iliripotiwa kwamba wabunge wengi walimtaka Kithure Kindiki. Akatoka Rigathi Gachagua wa Mathira.

Wote wawili, Karua na Gachagua, walichukuliwa kwa ajili ya kura za eneo la Mlima Kenya. Karua kwao Kirinyaga, Ruto akashinda pale pale Kirinyaga na kwa mbali. Kwa maoni yangu Mlima ulikuwa umeshakwenda kwa Ruto kabla ya mwenza yeyote kutajwa, na Gachagua alivuna shamba alilolikuta limeiva. Lakini yeye aliamini kura zile ni zake, na akawa anasema hadharani kwamba serikali ni kama kampuni yenye wanahisa. Mwenza aliyeletwa kwa hesabu ya kura lazima siku moja adai gawio. Oktoba 2024 Bunge la Taifa likapiga zaidi ya kura 280 za kumwondoa, Seneti ikamkuta na hatia kwenye mashtaka matano kati ya kumi na moja, na Novemba 1 akaapishwa nani? Kindiki.

Kwa hiyo Kenya wanachagua mwenye kundi, kisha wanagombana naye. Sisi tunachagua asiye na kundi, kisha msiba ukitokea anaanza kulitafuta akiwa tayari Ikulu. Ukiniuliza kipi bora, naona chetu kina utulivu zaidi na chao kina uwazi zaidi. Ila kuna kitu kimoja chao ningekichukua kesho asubuhi. Julai 2022 Karua na Gachagua walisimama wawili kwenye mdahalo wa wagombea wenza, unarushwa moja kwa moja, wakabanwa kuhusu kesi, uchumi, kila kitu. Mkenya aliyetaka kujua mrithi wa Rais anafikirije alipata saa nzima ya kumtazama. Kwetu sijawahi kuuona. Mwenza wetu tunamsikia akisoma ilani na kuwanadi wabunge.

Maombi yangu ni madogo tu. Chama kikitaja mwenza, kitoe na siku ya yeye kuhojiwa peke yake, bila mgombea urais kukaa pembeni. Aulizwe: ukiamka kesho wewe ndiye Amiri Jeshi Mkuu, utabaki na Baraza gani, utaendeleza nini, utaacha nini? Atakayejibu "nitafuata maelekezo ya Mheshimiwa" tutakuwa tumeshamjua.

Naomba kuwasilisha.

*

Nimerudi, wakuu. Michango ni mingi, nijibu ile yenye nyama.

"Mleta uzi, unasahau kwamba mgombea akiwekewa mwenza mwenye nguvu hatalala usingizi. Mtu atamwombea afe."

Mkuu, hofu hiyo naielewa na ndiyo inayozaa wenza wapole. Lakini tazama Malawi. Bingu wa Mutharika alimchukua Joyce Banda 2009, wakakosana, chama kikamfukuza 2010, akaanzisha chake. Umakamu ukambakia kwa sababu aliupata kwa kura. Bingu alipofariki Aprili 2012 kulikuwa na watu waliojaribu kuzungukazunguka, siku mbili baadaye mama akaapishwa. Huwezi kujikinga na Katiba kwa kuchagua mtu mpole. Hata mpole anaweza kukosana na wewe, na kama alipigiwa kura huwezi kumwondoa.

"Mbona umewasahau UKAWA? Au unaona aibu?"

Aibu ya nini tena, ni uzi ulikuwa unarefuka. UKAWA ulikuwa umoja wa vyama vya upinzani, CHADEMA na CUF wakiwemo. 2015 Lowassa alitoka CCM akahamia CHADEMA, na mwenza aliyetakiwa alikuwa Juma Duni Haji wa CUF. Kwa kuwa sheria zetu hazitambui mgombea wa muungano wa vyama, na mwenza lazima apendekezwe na chama kile kile, Babu Duni ikabidi ahame CUF aingie CHADEMA ili jina lake likae kwenye karatasi. Mzee wa CUF miaka yote, akavaa gwanda! Karua 2022 alibaki na chama chake ndani ya Azimio, hakuna aliyemvua kitu. Wapinzani wetu wakikaa tena kudai mabadiliko ya sheria za uchaguzi, hili walipe uzito kuliko wanavyolipa.

Na mfano mwingine upande huo huo: Salum Mwalimu, mwenza wa Lissu 2020, alirudi 2025 kama mgombea urais wa CHAUMMA. Kwa kuwa yeye ni wa Zanzibar, mwenza akawa wa Bara, Devotha Minja.

Mdau wa Mombasa ameandika: "Ndugu yangu, nyinyi Watanzania mwapenda kutucheka, lakini Gachagua alituambia mambo ya serikali ambayo naibu mpole asingetuambia kamwe. Kukosana kwao ndiko kulikotufungua macho."

Ndugu, hilo nakupa. Makamu asiyeweza kufukuzwa kwa simu angeweza kuwa mtu wa kusema ukweli ndani ya Baraza. Kinga anayo. Kwetu kinga ipo tangu 1995 na sijaona aliyeitumia hadharani. Huenda waliitumia chumbani, hayo hatuwezi kuyajua.

"Mkuu umemkwepa Nchimbi."

Sijamkwepa. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu uliitwa Dodoma kwa ajili ya kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti, akapatikana Mzee Wasira. Wajumbe wakaibua hoja ya kumteua mgombea urais hapo hapo, na kabla hawajatawanyika mwenza naye akatajwa, Nchimbi huyo huyo, miezi tisa kabla ya kura, baada ya kuelezwa kwamba Dk. Mpango ameomba kupumzika. Dk. Nchimbi wakati ule alikuwa Katibu Mkuu wa chama. Kinachonivutia mimi ni rekodi yake ya Julai 2015: yeye, Sophia Simba na Adam Kimbisa ndio waliotoka mbele ya waandishi kupinga jinsi jina la Lowassa lilivyokatwa kwenye mchujo wa urais wa CCM. Kwa hiyo kwenye orodha yetu ya wenza wapole, huyu ndiye wa kwanza mwenye historia ya kukipinga kikao cha chama chake mchana kweupe, na pia wa kwanza aliyetoka moja kwa moja kwenye kiti cha utendaji mkuu wa chama. Mwenza wa namna hiyo anaifahamu mitandao ya ndani kabla hajaihitaji. Ni mabadiliko makubwa kuliko yalivyojadiliwa, na sielewi kwa nini hayakujadiliwa.

Aliyeuliza kama Zanzibar nao wana mgombea mwenza: hapana, mkuu. Rais wa Zanzibar anagombea peke yake, na tangu mabadiliko ya 2010 anateua Makamu wa Kwanza kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili na Makamu wa Pili kutoka chama chake. Ni mfumo mwingine kabisa, msiuchanganye.

"Kwa hiyo 2030 itakuwaje?"

Mama alishika kiti na zaidi ya miaka mitatu imebaki, kwa hiyo kwa Ibara ya 40 aliruhusiwa kugombea mara moja tu, na hiyo ameshaitumia. Akiteuliwa mtu wa Bara, awe Nchimbi au mwingine, mwenza atatoka Zanzibar, na wakati huo huo Dk. Hussein Mwinyi atakuwa anamaliza vipindi vyake viwili kule. Chama kitatafuta rais wa Zanzibar na mwenza wa Muungano katika msimu mmoja, kwenye orodha ile ile ya watu, kama 2010. Kwa hiyo mwenye kutaka kumjua mapema aache kuangalia Dodoma, aangalie nani anaingia na kutoka Kisiwandui, ofisi kuu ya CCM Zanzibar, na hasa nani atakayeshindwa kule kwa heshima.